Ombi la Kurasa Sita kwa Ajili ya Roshani

Jumatatu, 3 Machi

Simu ya Dada saa mbili asubuhi, kabla sijaondoa kifuniko cha taipureta. Anakuja. Jumapili hii hii. Daktari wa macho amempa nafasi Jumatano ya wiki ijayo ili amwondoe mtoto wa jicho, na kliniki yenyewe iko viungani mwa mji, upande ule wenye nyumba za ghorofa na nyua za michongoma zilizokatwa sawasawa. Atakaa wiki tatu. Akasema kwa furaha kwamba hahangaiki na pa kufikia, kwa kuwa fleti yangu iko huko huko, na hatimaye ataketi kwenye ile roshani.

Hapa panahitaji ufafanuzi. Sina roshani. Wala fleti. Ninaishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi baiskeli. Hata hivyo, kwa muda wa miaka minane nimekuwa nikimwandikia Dada habari za fleti yenye roshani, si kwa nia ya kumdanganya, bali kama taarifa iliyotangulia wakati wake. Ikumbukwe kwamba Dada aliuza cherehani yake ili mimi nipate taipureta. Mtu aliyeuza cherehani haandikiwi kwamba mdogo wake analala kati ya matairi.

Bwana Mihuri alisikia mazungumzo yote. Huyu ni mchonga mihuri. Meza yake na yangu zimekaa bega kwa bega kwenye baraza ya ofisi za serikali kwa miaka kumi na mmoja, yeye akichonga, mimi nikiwaandikia wananchi maombi yao. Akaniuliza ni roshani ipi, ile kamba ninayoanikia soksi? Niliondoa kifuniko cha taipureta. Kumjibu ni kumpandisha cheo.

Hitaji: fleti, mwezi mmoja, yenye roshani. Muda uliobaki: siku sita.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga meza mapema na kwenda viungani na dalali. Kijana, simu tatu, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Nilimkabidhi maelezo ya hitaji langu kwa maandishi, vifungu vinane. Akaikunja karatasi bila kuisoma, akaitumia kufutia kiti cha pikipiki yake.

Nyumba ya kwanza: roshani ilikuwepo, lakini imekaliwa na tangi la maji, na ili kuketi ingebidi mtu akae juu ya tangi. Nyumba ya pili: nzuri, sakafu inang'aa, mwenye nyumba anataka mkataba wa mwaka. Nikampendekezea mkataba wa mwaka mmoja ambao ndani yake miezi kumi na mmoja ingehesabiwa kuwa kipindi cha tafakuri. Akaniomba nirudie. Nikarudia kwa ufasaha zaidi. Akafunga mlango, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nyumba ya tatu haikuwa nyumba.

Njiani dalali alisema kwamba hakuna mtu anayepangisha kwa mwezi. Mzee wangu, akasema, wewe unatafuta nyumba kama mtu anayetaka kuoa kwa wiki mbili. Nilimkumbusha kwamba neno mzee hutumika kwa idhini. Akanishusha kituo kimoja kabla ya nilikokuwa nikienda.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Au karibu nimepata.

Nilikuwa nikitembea peke yangu mtaani kule, nikisoma matangazo yaliyobandikwa magetini, ambayo yameandikwa vibaya mno, nikafika kwenye jengo la ghorofa mbili lenye rangi ya maziwa. Getini karatasi: fleti ya juu, mwezi mmoja tu. Nikabisha hodi kwa kufuata utaratibu, mara tatu kwa vipindi sawa. Akatoka mama mmoja mwenye miwani shingoni, mkunga mstaafu, amezoea kusema na watu wenye haraka. Binti yake amejifungua mbali, anakwenda kumsaidia, anasafiri Jumamosi. Anataka mtu wa kukaa katika fleti hadi atakaporudi.

Akanipandisha juu. Roshani! Inatazama mashariki na magharibi kwa pamoja, maana imezunguka pembe ya nyumba. Nilisimama pale nikahisi kwamba miaka minane ya barua zangu imepata anwani. Mama Mkunga alikuwa akinieleza jambo fulani kuhusu makopo ya maua, yapo ishirini na mawili, lipi linywe asubuhi na lipi lisiguswe jua likiwa kali. Sikuyashika yote kwa kuwa nilikuwa nimeanza kutunga utangulizi.

Akasema waombaji ni wengi, naye hana muda wa kukaa na kila mtu. Kila mmoja amwandikie barua, aitie katika sanduku la getini kabla ya Ijumaa saa nne. Anataka kujua mambo matatu: wewe ni nani, utakaa na nani, na maua utayamwagilia au hutayamwagilia.

Barua! Mwanamke huyu, bila kujua, amewaalika watu kushindana mbio na mimi nikiwa nimepanda farasi.

Nimerudi barazani nikiimba. Bwana Mihuri akauliza kulikoni. Nikamweleza yote, mtaa, geti, rangi ya jengo na saa ya mwisho. Sijui ni kwa nini. Furaha huufungua mdomo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kazi kubwa. Sikupokea wateja. Ombi limefikia kurasa sita, lakini hakuna neno ndani yake linaloweza kuondolewa bila kujeruhi mengine. Linaanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu," kama inavyopasa. Kisha: Utangulizi. Historia Fupi ya Mwombaji. Mwombaji na Dhana ya Makazi. Mazingira Yaliyozaa Ombi Hili. Ombi Lenyewe (ukurasa wa tano). Hitimisho na Shukrani za Awali. Nakala kwa: Ofisi ya Mkuu wa Eneo, Jalada.

Ulikosekana mhuri. Nikalazimika kumwendea jirani yangu. Bwana Mihuri akasema atanichongea wa duara, wenye nyota mbili, bure kabisa. Bure kwake ni neno la hatari. Akasogeza kiti. Akaeleza kwamba paa la nyumba yake limefunuliwa tangu wiki iliyopita, mafundi wamepotea, na mama mkwe wake yupo kwao, analala chini ya turubai na kila asubuhi anamuuliza mkwewe kama nyota zilimtosha. Mkewe amempa hadi Jumamosi. Kwa kifupi: na yeye anaiomba fleti ile ile. Na kwa kuwa yeye mikono yake inajua mpira na kisu tu, barua nimwandikie mimi.

 Kumkataa mteja ni mwiko wa kazi hii. Tangu nianze sijamkataa mtu, hata yule aliyetaka nimwandikie ombi la kumhamisha jirani yake mwezini. Lakini hakuna mwiko unaosema kwamba kila barua lazima iwe nzuri.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Ninakiri halikuwa wazo safi.

Nimemwandikia barua mbovu. Ya makusudi. Haina kichwa cha habari, haina utangulizi, haina hata "natumaini u mzima." Nilimuuliza maswali, nikaandika majibu kama yalivyotoka mdomoni mwake, bila kuyavisha nguo. Hii hapa, niiweke kumbukumbuni kama ushahidi wa uovu wangu:

"Mama, mimi ni mchonga mihuri kwenye ofisi za serikali. Paa letu linajengwa upya. Tutakaa watatu: mimi, mke wangu na mama yake. Hatuna mbwa wala redio kubwa. Maua nitayamwagilia kila asubuhi, na yale yasiyopenda jua utuoneshe. Ukirudi utayakuta hai."

Basi. Imekwisha kabla haijaanza. Niliitoa kwenye taipureta. Nilihisi kama ninamtuma mtu sokoni bila suruali. Bwana Mihuri akaisoma mara mbili, akasema nzuri, fupi, akaibusu. Nikamwonea huruma kwelikweli.

Ijumaa, 7 Machi

Ninaandika kwa utulivu. Ninajilazimisha.

Tulifika getini pamoja saa tatu na nusu. Barua yake ikateleza ndani ya sanduku kama kadi. Bahasha yangu ilikataa kuingia. Nikajaribu kwa urefu, kwa upana, kwa pembe. Bwana Mihuri akashauri niiingize ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayemlisha ng'ombe. Hatimaye niliipitisha chini ya geti, ikatoka upande wa pili ikiwa na alama ya mchanga juu ya mhuri.

Saa nne kamili Mama Mkunga akatoka. Alikuwa na barua tisa. Akazisoma amesimama, getini, mbele ya waombaji wote. Ya Bwana Mihuri aliisoma kwa muda ambao mtu humeza kidonge, akaiweka mfukoni. Akaifungua yangu. Akatafuta kiti.

Nilimtazama anavyosoma. Nilimwona anafika mahali ninapoeleza shule niliyosoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishoni mwa ukurasa wa pili akaniuliza kwa upole kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi. Akauliza fleti inatajwa wapi. Nikamwelekeza ukurasa wa tano, aya ya tatu. Akaruka moja kwa moja hadi huko, jambo linaloharibu kabisa mtiririko, akasoma, akatafuta nyuma ya karatasi, akauliza: na maua?

Nikajibu kwamba suala la maua limebebwa na dhamira ya jumla ya ombi.

Akasema maua hayanywi dhamira.

Akampa Bwana Mihuri funguo. Hapo hapo, mbele ya watu. Na kama hilo halikutosha, akamsifu kwa barua yake, akasema miaka arobaini hospitalini hajawahi kupokea karatasi inayoeleweka hivyo, akauliza nani aliiandika. Bwana Mihuri, ambaye kwa bahati mbaya ni mkweli, akaninyooshea kidole.

Mama Mkunga akageuka. Akanitazama mimi, akaitazama bahasha yangu, akanitazama tena. "Baba," akasema, "kumbe unajua kuandika. Sasa hiki ulichojifanyia ni nini?"

Nimelitafakari swali hilo njia nzima. Ninaamini aliguswa. Kosa langu liko wazi: nililisahau suala la maua. Kurasa sita zilikuwa chache.

Jumamosi, 8 Machi

Dada anafika kesho na sina pa kumpeleka. Nimemeza mate na kumwendea Bwana Mihuri, aliyekuwa akipandisha magodoro. Nikamwomba fleti kwa alasiri moja tu, kwa hadhi ya kuazima. Nilianza na utangulizi. Akanikatiza, akasema ukiendelea mama mkwe ataamka. Akauliza kuna nini hasa. Nikamwambia habari ya cherehani. Nilimwambia hivyo tu, bila mapambo, kwa kuwa alikuwa ameshika godoro na sikuwa na muda.

Akakubali. Sharti: maua yote ishirini na mawili niyamwagilie mimi, kila asubuhi, mwezi mzima. Tukashikana mikono.

Ugumu umetokea kwa mama mkwe. Nilimweleza kwamba kesho, kwa saa chache, atatambulishwa kama mpangaji wangu. Akasema katika maisha yake amekuwa mke, mama, bibi na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, lakini mpangaji wa mtu hajawahi kuwa na hataanza na mimi. Atabaki kwenye kochi. Atasema anachotaka.

Jumapili, 9 Machi

Nilimpokea Dada kituoni. Amekonda. Alinitambua kwa sauti kabla ya kunitambua kwa sura. Lile jicho la kulia limefunikwa na ukungu kabisa. Alibeba mkoba mmoja na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akakataa nikishike.

Tulipanda ngazi. Nilifungua mlango kwa ujasiri wa mwenye mali. Mama mkwe kwenye kochi, kama alivyoahidi. Nikamtambulisha kama mgeni wa jengo. Akaniuliza mbele ya Dada kama nimekuja kumwagilia. Bwana Mihuri akakohoa. Dada akaomba kujua msalani ni wapi. Nikamfungulia mlango kwa heshima zote, akakuta mafagio. Mlango wa pili ulikuwa kabati la vyombo. Mama mkwe, bila kuinua macho kutoka kwenye ufumaji wake, akamwambia wa tatu, mwanangu, huyu nyumba yake mwenyewe inamchezea.

Kisha roshani. Dada akaketi. Upepo ukampiga kitambaa. Nikaamua kwamba mambo yamefaulu.

Akasema: mdogo wangu, mwaka wa pili uliniandikia kwamba jua la asubuhi linakuamsha hapa. Mwaka wa nne ukawa unalitazama likizama, hapa hapa, kwenye kiti kile kile. Mwaka wa sita kulikuwa na mwezi. Nikawaambia majirani, nyumba ya mdogo wangu inazunguka.

Nikamweleza kwamba roshani hii inazunguka pembe, kwa hiyo kitaalamu... Akasema naona. Hii ni nzuri. Ya nani?

Mama mkwe akajibu kutoka ndani: ya mkunga.

 Dada hakukasirika, hilo lilikuwa baya zaidi. Alicheka mpaka akashika ukingo, kisha akasema haya, sasa nipeleke taipureta inakokaa.

Nikampeleka. Nyuma ya karakana. Fundi baiskeli akasogeza matairi, akampa shikamoo. Dada akaingia, akapapasa meza, akaigusa taipureta herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu vidole vya mtoto mchanga. Akaniambia niipige asikie. Nikapiga mstari mmoja. Akasema inafanya kazi, akakaa kitandani.

Ndipo akafungua kifurushi. Pazia. Moja, dogo. Akasema alilishona kwa mkono, asubuhi asubuhi, jicho linapokuwa na nguvu. Nikauliza alijuaje kipimo. Akasema katika barua yangu ya kwanza kabisa, kabla sijahamia ghorofani, niliandika kwamba dirisha langu linazibwa na karatasi mbili za maombi. Basi akapima karatasi mbili.

Limeingia sawasawa. Mshono umepinda upande wa kulia.

Ameketi kitandani. Mimi mkekani. Ninaandika haya nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu ya vumbi la karakana machoni.

Ijumaa, 14 Machi

Upasuaji wa Jumatano umekwenda vizuri. Jicho limefungwa bandeji, daktari amekataza kuinama, kunyanyua vitu na kucheka sana. Mama mkwe huja kila siku kumtembelea, na la mwisho analivunja yeye.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko kwa mkunga na ndoo. Makopo ishirini na mawili. Moja limeanza kutoa ua, la zambarau. Sikutarajia kufurahi.

Leo Dada kaniomba nimwandikie Kaka, mkubwa wetu, aliyebaki nyumbani. Akanitajia maneno: nimefika, jicho limetolewa ukungu, sina maumivu, mdogo wetu ananitunza vizuri. Nukta. Akasisitiza nukta.

Niliandika kama alivyosema. Nikaitazama. Mistari miwili na nusu, kwenda kwa Kaka mkubwa, uchi wa mnyama. Sikuweza. Nikaongeza aya moja ya heshima. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na ushahidi wa macho yangu mwenyewe, nikaongeza kidogo kuhusu roshani: jinsi ninavyoamka kuyamwagilia maua, jinsi la zambarau lilivyochanua, jinsi jua linavyoizunguka pembe. Hakuna uongo hata neno moja. Ninayamwagilia kweli. Sikuona ulazima wa kutaja yanamilikiwa na nani.

Kurasa nne. Nimeigonga mhuri wenye nyota mbili. Imeondoka na basi la mchana.

Jumatano, 19 Machi

Simu ya Kaka. Amefurahi kupita kiasi. Barua imesomwa kwa sauti mbele ya ukoo. Anakuja mwanzoni mwa mwezi ujao, yeye, shemeji na watoto wanne, wiki mbili, kupumzika kwenye roshani. Shemeji anapenda sana maua. Nikamwambia karibuni, kwa neno lenye staha.

Mkunga anarudi tarehe tano.

Nikamweleza Dada. Akacheka kinyume cha maagizo ya daktari, akajishika jicho, akaniambia nimpigie Kaka sasa hivi nimweleze. Nikasema jambo kama hilo halisemwi kwa simu. Akasema basi angalau, ukitafuta nyumba nyingine, mwandikie mwenye nyumba kama ulivyomwandikia Bwana Mihuri: mistari sita. Bwana Mihuri, aliyekuwa mlangoni, akaongeza kwamba ile barua mkunga aliiacha mezani kwenye fleti, na mama mkwe ameitia kwenye fremu. Nikawashukuru wote wawili kwa mchango wao.

Dalali amepiga. Kuna nyumba nzima viungani, mwenyewe anasafiri mwezi mmoja, ana bustani, anataka barua. Nimeiondolea taipureta kifuniko hapo hapo. Safari hii sitarudia kosa: maua yatapewa sura yao, tena ya kwanza kabisa, kuanzia asili ya mmea duniani, kisha uhusiano wake na binadamu, kisha mwombaji na ndoo yake. Makadirio ni kurasa tisa. Bwana Mihuri ananichongea mhuri mpana zaidi, na ameniuliza kwa upole upana wa uwazi ulio chini ya geti la huko.

Saa kumi na moja jioni. Kurasa tatu zimekamilika. Bado sijafika kwenye nyumba.